Meza Uliyomwandalia Baba

Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa,

Barua hii itakufikia kwa mkono wa Tata Kayombo, yule mchuuzi wa samaki wakavu anayekuja na baiskeli yake kutoka upande wenu. Ndiye aliyetuletea habari zako. Anasema ulipopata taarifa ya kifo cha Baba tulikuwa tumekwisha kumzika, na treni ya kukuleta Kolwezi haikuwapo. Anasema pia kwamba tangu siku ile unajilaumu, unawaambia watu wa Kasaji, "Mi njo nilikuwa macho ya Baba, kisha nikamuacha." Maneno hayo yametuumiza. Mama akaniambia, "Masengo, we unajua kuandika. Mukumbushe yaya yako bile ilikuwa."

Basi nakukumbusha, ingawa mengine unayajua kuliko mimi.

Ilikuwa kabla ya vita kufika Kolwezi. Wewe ulikuwa msichana mkubwa, unajifunza kushona na kutunza nyumba kule fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, pamoja na mabinti wengine wa kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto. Baruti iliyochelewa kulipuka ilimrushia Baba mawe usoni, akakaa hospitali hadi nikaanza kusahau sauti yake. Aliporudi alikuwa amevaa miwani myeusi, na mjomba alimshika mkono kumwongoza mlangoni kwake mwenyewe.

Unakumbuka alivyokuwa zamani mtu wa kujipenda? Hakukaa kula bila kubadili shati la kazi. Sasa alitaka chakula chake kipelekwe chumbani, mlango ufungwe. Mimi ndiye niliyepeleka sahani. Nilisimama nje ya mlango nikisikia sahani inavyokwaruza ubao, vidole vikitafuta tonge la bukari, na mara nyingine kikombe kikianguka. Alipotoka, shati lilikuwa na mboga ya sombe kifuani. Mama alimfuta bila kusema neno, na nadhani kule kufutwa kimya ndiko kulikomuuma zaidi. Akaanza kula kidogo. Akaanza kusema ameshiba kabla sijaweka sahani chini.

Mama alikuwa amekwisha kuanza kuuza sokoni ili tuishi. Alirudi amechoka, anasema, "Mumuache. Atazoea."

Wewe hukutaka kumwacha. Siku ya kwanza ulitoa kitambaa cha meza ulichokitarizi kule fwaye, kile chenye ndege wa bluu pembeni. Ulikata gunia la unga la pamba, ukalifua mpaka likawa jeupe, ukatengeneza vitambaa vya kufutia mikono, ukavikunja pembetatu. Uliweka maua ya bugenvilia katika glasi. Ilunga kaka yetu na mimi tuliizunguka meza ile tukiogopa hata kuigusa. Ukaenda chumbani, ukamwambia Baba, "Baba, kuya kula. Nimepamba mesa."

Nasikia mpaka leo jibu lake. "Unapambia nani? Mi sioni."

Hukulia mbele yetu. Ulikunja kitambaa, ukarudisha sandukuni, tukala jikoni kando ya mbabula ya makaa kama kawaida.

Kisha siku moja nilikukuta peke yako pale mezani, umejifunga kilemba machoni, mbele yako bukari ya jana na samaki. Nilifikiri unaumwa.

"Yaya, juu ya nini unafunga macho?"

"Nataka kujua bile Baba anaona."

"Baba haoni."

"Njo ile nataka kujua."

Ulikula hivyo hivyo nami nikikutazama. Sahani iliteleza. Mwiba wa samaki ulikuchoma. Mkono wako uliruka juu ya glasi, ukaigonga, maji yakakumwagikia mapajani. Uliondoa kilemba, ukatazama meza kama mtu anayetazama nyumba aliyoambiwa aibomoe na kuijenga upya.

Jumamosi iliyofuata, Mama akiwa sokoni, ulitandika tena kile kitambaa cha ndege. Ukatufunga macho wote wawili, ukajifunga na wewe, ukasema, "Leo tunakula hivi." Ee Yaya! Ilunga alitia mkono mzima ndani ya bakuli la mboga. Mimi nililisha sikio langu. Glasi ikaanguka ikavunjika, na sisi tukaanza kucheka, kicheko kile ambacho ukijaribu kukizuia kinatoka puani. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu ajali.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Ni nini inavunjika?" Baba aliuliza.

Nilisikia Ilunga akianza kuvuta kitambaa chake machoni, nawe ukamshika mkono.

"Tunakula, Baba," ulisema. "Tumefunga macho."

Hata bila kuona nilijua amesimama akiwa amekaza taya.

"Munanicheka?"

"Hapana, Baba. Tunashindwa."

Sijui ulilipata wapi neno hilo. Ungesema jingine lolote, angerudi chumbani, na labda asingetoka tena. Nilisikia kiganja chake kikipita ukutani, sh, sh, sh, mpaka kikafika kwenye kiti cha Ilunga.

"Ilunga, mukono yako iko wapi?"

"Iko juu, Baba. Natafuta maji."

"Iteremushe. Iburute pole-pole pa mesa, bidole mbele. Kintu ikigusa bidole, simama. Usikamate. Simama kwanza, kisha kamata."

"Nimepata, Baba!"

"Basi kunywa."

Alitufundisha mmoja mmoja, akiwa amesimama nyuma ya viti vyetu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kama mgeni, "Na mi nitakaa wapi?"

Mama aliporudi na beseni lake kichwani alitukuta watatu tumefungwa macho, na mume wake yuko kati yetu anakula. Alisimama mlangoni. "Batu ba hii nyumba bamekuwa wazimu?" alisema, halafu akaweka beseni chini na kujifuta uso kwa pembe ya kitenge chake. Ndivyo alivyotusimulia Ilunga, aliyekuwa akichungulia chini ya kitambaa. Mimi sikuona. Nilisikia tu anavyovuta kamasi.

Tangu hapo meza yetu ikawa na sheria zake. Chini ya sahani ya Baba uliweka kitambaa chenye unyevu kidogo ili isiteleze. Bukari upande wake wa karibu, mboga upande wa dirisha, samaki aliyetolewa miiba upande wa mlango. Glasi nzito isiyo na mguu, mahali pamoja kila siku, na ole wake atakayeisogeza. Bakuli la kunawia upande wa mkono wake wa kushoto. Hatukumwambia tena kitu kiko wapi, kwa sababu alijua, na kwa kuwa alijua, alianza kuzungumza anapokula. Alianza kutugombeza tena. Nilifurahi kugombezwa.

Maua hukuyaacha. Mama alipokuuliza ni ya nini, ulimjibu, "Maua ni ya macho ya batu bengine. Baba nitamutafutia yake." Ukaenda kuchuma majani ya mlimau, ukayafikicha kidogo na kuyaweka karibu na mkono wake. Siku ile alinusa, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Halafu akapitisha vidole juu ya kile kitambaa, pole-pole, mpaka pembeni.

"Hii ni nini? Ni samaki?"

"Ni ndege, Baba."

"Ndege gani iko na mukia ya samaki?"

Ulikasirika! Ulikuwa umeshona wiki nzima. Sisi tulicheka mpaka Ilunga akapaliwa.

Sasa nikukumbushe siku ya wakwe, maana Tata Kayombo anasema unaamini kwamba ndoa yako ndiyo iliyomwondolea Baba macho mara ya pili.

Shemeji Muteba alipotuma habari kwamba wazee wake watakuja kutoka Kasaji kuongea mambo ya ndoa, Baba alirudi kuwa yule wa zamani wa chumbani. Kula mbele yetu alikuwa amezoea. Kula mbele ya watu wasiomjua kulikuwa mlima mwingine. Mjomba alisema yeye atakaa mahali pake. Alisema kwa wema, akidhani anamwondolea aibu.

"Ni muzuri," Baba alisema haraka. "Museme niko mugonjwa."

Ulikuwa unapanga kuni. Uliinuka, na kanga yako ikiwa na vumbi la magome ukaenda kusimama mbele yake.

"Kama Baba anabakia mu chumba, na mi nitabakia naye. Batafute bibi mwingine."

"Ngoie, usizungumuze bupumbafu."

"Si bupumbafu. Mutu hawezi kunitoa mu nyumba kama hajakula na baba yangu."

Mlitazamana, nataka kusema hivyo ingawa mmoja wenu hakuona. Baba ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza.

Siku ile aliomba shati lake jeupe. Wageni walikaa: baba mkubwa wa Muteba amevaa suti ya abakosi ya kijivu, mzee mwingine, na Muteba mwenyewe mwishoni mwa meza, macho chini, hali chakula kwa heshima kama kijana anayekuja kuomba. Wewe kama binti unayeposwa hukuweza kukaa. Tulisimama sote wawili nyuma ya pazia la jikoni tukichungulia, ukiwa umenibana bega kiasi kwamba liliniuma hadi kesho yake.

Baba alikula vizuri. Alikula kuliko vizuri, alimega bukari kwa utaratibu, akaongea habari za mvua na za mgodi, na wale wazee wakasahau miwani yake. Ndipo yule baba mkubwa, kwa ukarimu tu, akachukua glasi ya Baba akaijaza bia na kuiweka karibu zaidi, pale alipoona pangekuwa rahisi kwake.

Niliona mkono wa Baba ukienda mahali pa siku zote. Ukaburuta. Hakukuwa na kitu. Ukasimama pale juu ya ndege wa bluu, na uso wake ukaanza kubadilika. Wewe ulifungua mdomo nyuma ya pazia, ukaufunga. Sauti ya jikoni ingeharibu kila kitu.

Muteba hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono kama anayechukua chumvi, na kwa ukucha wa kidole kimoja akagonga ile glasi. Tik, tik. Kidogo hivi. Mkono wa Baba ukaigeukia sauti, ukaipata glasi, ukasimama kwanza, kisha ukaikamata. Akanywa. Wazee waliendelea kuongea, hawakujua kitu.

Uliniachia bega. Ukanong'ona, "Nitaenda naye."

Wageni walipoondoka Baba alituita. "Yule kijana wa pa mwisho ya mesa," alisema, "mumupatie mutoto wangu." Kwa hiyo, Yaya, hukumwacha Baba. Alikutoa yeye mwenyewe, akijua anamtolea nani.

Ni kweli nilipokupokea kazi ile nilikuwa mbaya. Niliweka sahani kinyume, nilisahau miiba. Alikula bila kulalamika, akaniambia, "Utajua." Nilijua. Ilunga alipooa, mke wake pia alijua kabla hajazoea jiko letu. Watoto wao wanaburuta mkono mezani mpaka leo, ingawa wanaona vizuri, na shuleni wanachekwa kwa ajili hiyo.

Mwisho wake haukuwa mgumu. Kifua kilimbana wakati wa mvua, akawa hawezi kumeza ila uji kidogo. Jumapili tuliporudi kanisani aliomba tumbebe, tumkalishe pamoja nasi. Mama alimwambia, "Hautakula. Utajichokesha bule." Akasema, "Mi sitakula. Nataka kubasikia." Ilunga alimbeba, amekuwa mwepesi kama mtoto. Nilitandika kitambaa, nikaweka majani yake.

Alituuliza mmoja mmoja, "Unakula nini?" ingawa sote tulikuwa na chakula kimoja. Kila mtu akamjibu: bukari na mboga ya lengalenga, Baba. Bukari na lengalenga, tata. Mjukuu mdogo akajibu kwa mdomo uliojaa. Alipomfikia wa mwisho akauliza, "Na Ngoie? Anakula nini leo kule Kasaji?"

Tuliangaliana. Mama ndiye aliyejibu, kama aliyetoka kukuona asubuhi. "Leo Jumapili. Amechinja kuku."

"Muteba atapata paja," Baba alisema.

"Atapata. Lakini kifua ni ya Ngoie."

"Ni muzuri," akasema. "Basi bote banakula."

Alilala siku mbili baadaye, mchana, Mama akiwa amemshika mkono. Hakuita jina la mtu aliyekosekana, Yaya, maana kwake hakuna aliyekosekana.

Tumemzika. Tumelia bila wewe, na jambo hilo halitengenezeki, sitakudanganya. Lakini matanga hatujayaondoa. Wazee wa ukoo walikuja wakasema siku zimepita, watu warudi kwenye kazi zao. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia mtoto wake mkubwa hajafika, na yeye hataondoa kilio nyumbani mwake mtoto wake mkubwa akiwa njiani. Walisema hauko njiani. Mama akasema, "Yuko."

Treni ikija, panda. Isipokuja, Ilunga ameongea na dereva wa lori anayechukua mahindi upande wenu, atakupitia. Muteba akipata ruhusa mje wote, na watoto. Ukichelewa, tutangoja. Ukifika tukiwa tumelala, tuamshe.

Mdogo wako aliyekuwa pamoja nawe nyuma ya pazia,

Masengo