Namba ya Baba

Nyumbani, juu ya karakana,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka Mbishi,

Salamu nyingi, ukimaliza hizo chukua nyingine. U mzima? Lile goti limepoa? Sisi hatujambo. Kikohozi kimemwachia Mama, na wanangu wawili wanachafuka kama wanalipwa.

Sasa kaa chini. Uliandika tuache kumsumbua Baba kwa maswali, eti tangu kiharusi akili yake imeshaondoka, na hata ukija hatakujua. Nililia, sikufichi, maana hata mimi nilishaanza kuamini. Ukimuuliza kitu anakutajia tarakimu tu, kama anasoma namba ya simu.

Unakumbuka alivyokuwa akijaribu vikokotoo alivyotengeneza, sisi tumejibanza chini ya meza? Anabonyeza 142857, anazidisha. Mara mbili, 285714. Mara tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zinafuatana vilevile, ila kila safari inatangulia nyingine! Hivyo mpaka mara sita. Mara saba mchezo unakwisha: 999999. Kitufe kikiwa kibovu anakigundua papo hapo.

Juzi mume wangu alimuuliza atie sukari vijiko vingapi. Baba akajibu: mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Mume wangu akacheka. Mimi nikazirudia moja moja. Kaka wee, hiyo si namba yake mara mbili? Na Baba anatia vijiko viwili tangu tuzaliwe!

Nikakimbilia kikokotoo. Baba, karakana yako ina madirisha mangapi? Tano, saba, moja, nne, mbili, nane. Nikazidisha: mara nne. Na madirisha ni manne kweli. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatujibu sawasawa, nasi tunampapasa bega, "haya Baba, haya." Niliona aibu, jamani.

Tangu hapo sina usingizi wa maana. Gawanya moja kwa saba uone: baada ya nukta inatoka namba hiyohiyo, inajirudia bila kikomo. Ikate katikati, 142 na 857, ujumlishe: 999. Mara nane nilidhani imeharibika, 1142856, lakini ng'oa ile moja ya mbele uiongeze kwa sita ya mwisho, namba imerudi! Mama anasema nimechizika. Labda.

Leo kabla ya kupakua nikamuuliza: Baba, tuweke sahani ngapi? Humu ndani tuko sita: yeye, Mama, mimi, mume wangu na watoto. Akaugeukia mlango, akautazama weee, kisha akasema: tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa.

Msalimie sana Shangazi unayeishi naye. Mama anakusalimu, na shemeji yako pia. Mungu akusafishie njia, tena upesi.

Sahani yako iko mezani, Kaka. Mama alitaka kuiondoa, Baba akaishika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na ubishi wako wote.