Programu Mpya na Gauni la Mahameli

Alhamisi, Februari 1997. Joto.

Joto la leo hata kuku wa jirani wamelala kando ya karo midomo wazi. Mie nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji, naandika. Moyo umepata misukosuko tangu asubuhi, na sababu ni ya kujitakia.

Niandike kwanza jambo ambalo Tandika nzima wanalijua, maana nimewaambia mwenyewe: binti yangu Zuhura anachora kadi za harusi kwa kompyuta. Mie niliishia darasa la saba, lakini nimezaa mtu anayeiamuru mashine ichore ua, na inachora. Kadi za mchango, kadi za mwaliko, kadi za kumtoa mwali, zote zinatoka sebuleni kwangu, kati ya kabati la vyombo na kochi.

Shida ilianza na majina. Programu anayotumia Zuhura inayaandika yamenyooka tu, kama watoto wa shule mstarini. Siku hizi watu wanataka majina ya maharusi yapinde kama upinde wa mlango, na rangi ianze nzito iishie nyepesi. Maduka ya Kariakoo yanafanya hivyo. Mama Saidi, jirani yangu wa ukuta mmoja, anamuoza binti yake, na ametamka wazi: majina yasipopinda, kadi anapeleka Kariakoo.

Basi Jumatatu akaja Bahati, kijana wa Sinza anayetengeneza kompyuta, na programu mpya. Akamwekea Zuhura aijaribu mpaka Ijumaa. Akiipenda anunue, asipoipenda Bahati anaiondoa. Zuhura alikuwa anasitasita. Ile ya zamani, anasema, anaijua kama jiko la nyumbani, hata gizani anaokota chumvi. Hii mpya kila kitu kimehamishwa.

Mie sikusita. Bahati hajamaliza chai, nilikuwa nimeshatangaza mpaka bombani kwamba programu kama ya Zuhura Temeke nzima hakuna.

Ndipo kompyuta ikaanza kuzimika.

Zuhura anapinda jina la bibi harusi, pu, giza. Anawasha, anaanza upya, pu. Jumanne hivyo, jana hivyo. Jana jioni Bahati akaja, akasimama kuitazama, akatoa hukumu: "Mama, mashine hii mzee. Programu hii mzigo wa kijana."

Kompyuta ya mwanangu, mzee. Chai ya jana sikumwongezea sukari.

Leo asubuhi Zuhura akaamua. Kesho programu irudi ilikotoka, na Mama Saidi aende zake Kariakoo. Alilisema kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayemeza kitu, akaenda kuoga. Mie nikabaki sebuleni na kompyuta. Nikainama kulipapasa lile sanduku lake la chini, kulipa pole.

Nikautoa mkono haraka. Lilikuwa la moto kama chuma cha chapati.

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, kochi lina vitambaa mpaka mikononi. Kompyuta nayo ilikuwa na chake, cha kufuma kwa uzi, matundu matundu. Lakini niliposikia inapata programu mpya, nikaona mgeni hawezi kupokelewa kwa nguo za kushindia. Nikashona gauni la mahameli, jekundu, lenye bitana, na mpira chini ili vumbi likose pa kupita. Sanduku likalivaa Jumatatu hiyohiyo. Lilikaa vizuri mno, hata Bahati hakuthubutu kulifunua. Nadhani aliona ni kukosa adabu.

Nikafunua kwa nyuma. Kulikuwa na kifeni kidogo, maskini, kinapepea mahameli.

Nikakaa chini. Nikinyamaza, mashine itabaki kuitwa mzee, programu itarudi, na gauni langu litaendelea kusifiwa. Mama Saidi alishaomba nimshonee la redio. Nikisema, mwanangu atajua ni nani aliyekuwa anamzimia kazi.

Nilifikiria kidogo. Kidogo tu, lakini nilifikiria.

Zuhura alipotoka kuoga nikamwambia. Akanitazama, akalitazama gauni, akaishika bitana kwa vidole viwili.

"Mama, umeivalisha koti. Temeke. Februari."

"Si koti, ni gauni."

"Lina bitana, mama."

Nikaipapasa. Bitana ilikuwepo.

Tukalivua. Kompyuta imewaka tangu hapo, na sasa jua linashuka, haijazimika. Nimeona kwa macho yangu jina la binti wa Mama Saidi likiinuka polepole, likapinda, likatulia.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Zuhura bado amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani. Nikamuuliza, si inafanya kazi? Akasema inafanya, ila sasa kisingizio kimeisha. Akiichukua ataanza kujifunza upya, na wateja watamwona anababaika. Mwanangu hataki kuonekana hajui. Sijui karithi kwa nani.

Nikamwambia, hata ukiolewa, jiko la mkweo utalipapasa siku mbili tatu mpaka uijue chumvi ilipo, na hakuna atakayekurudisha kwenu kwa hilo. Akacheka. Akasogeza kiti, akapinda jina la bwana harusi pia.

"Naichukua," akasema.

Ila kanipa sharti: nisimwambie mtu mpaka kadi ya kwanza itoke. Nimekubali, na safari hii nimeamua kwa dhati. Mdomo nimeufunga.

Mama Saidi nimemwambia, lakini yeye ni mteja, hahesabiki. Na wale waliokuwa kwake wanasukwa nywele, masikio yao sikuwa na namna ya kuyaziba.