Mkonga Umegeukia Kulia

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Naandika Kiswahili. Kwa makusudi. Wifi yangu anasoma Kigujarati na Kiingereza, lakini Kiswahili chake ni cha sokoni tu — bei gani, punguza, basi. Nikienda kuishi kwake Mbeya, daftari hili nitaliacha hata mezani.

Nikienda. Tuendelee.

Kaka Girish amepiga simu asubuhi. Nyumba yake mpya inapakwa rangi. Kabla ya Diwali tunahamia wote, na hii ya Iringa inauzwa. Amesema "tunahamia" kama vile tulikaa kikao tukaamua. Nimo nyumba hii tangu nizaliwe, miaka arobaini na nne. Nimemuuguza Ba, mama yetu, humu humu mpaka siku yake ya mwisho. Na bado nikajibu "sawa bhai", sawa kaka. Najichukia nikijibu hivyo!

Halafu akanipa kazi. Nimchagulie sanamu za mapambo, kila chumba na yake, maana eti mimi nina jicho. Ninalo kweli, hilo sikatai.

Jumatatu, 4 Agosti

Bhabhi — ndivyo ninavyomwita wifi — ametuma orodha kwenye WhatsApp. Mlangoni: Ganesh, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, mkubwa wa mti, afanane na yule mdogo wa shaba wa Ba, ambaye Girish alimchukua baada ya msiba. Sebuleni: tembo wawili, mikonga juu. Chumba chao: Radha na Krishna. Chumba cha watoto: Saraswati, ili wafaulu mitihani. Jikoni: Annapurna, ili chakula kisikatike. Ofisi ya Girish: Buda anayecheka, mwenye kitambi. Nimecheka peke yangu, kitambi si kimeshatangulia ofisini! Koridoni: tausi wawili.

Mwisho kabisa: "Chumba cha Rupalben — si lazima."

Nimeisoma mara tatu. Korido ina tausi. Mimi si lazima.

Nimejibu kwa kidole gumba, nikaenda kukuna nazi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshuka Ipogolo kwa fundi Joachim. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita patasi zinacheza mezani. Kuchonga alijifunza misheni ya Tosamaganga, misalaba na Bikira Maria, na mkono wake ni mzuri hasa. Ganesh hajawahi. Nikamtumia picha: mimi nimemshika Ganesh wa Ba, niliyojipiga siku Girish anamchukua. Akaikuza, akaitazama weee.

— Dada Rupal, hii pembe moja imekatika. Nimchongee nzima?

— Iache hivyo hivyo, fundi. Ndivyo alivyo.

— Na mikono minne?

— Minne.

— Haya bwana. Miwili nakupa ofa.

Nimeagiza na tembo hapo hapo. Wote wa mninga. Saraswati na Annapurna watatoka Dar kwa basi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Baridi ya kukata masikio. Nimekaanga chevda, ule mchanganyiko wetu wa kutafuna, siku nzima, ya hoteli mbili na ya dukani kwa rafiki yangu Noorjahan. Watu wananunua kwa jina langu — chevda ya Rupal. Mikono inanuka manjano na pilipili. Sijachoka hata kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Jana nilikwenda Mbeya kupima nafasi za sanamu. Nyumba ni nzuri, nisiseme uongo. Dirisha la mbele unauona mlima Loleza wote. Bhabhi alinitembeza na dira ya simu mkononi. Miungu ikae kaskazini-mashariki. Isipakane na choo. Isiwekwe chini ya ngazi. Anaamini kweli, simcheki. Ba aliamini, na mimi pia naamini kwa kiasi changu.

Chumba changu kipo nyuma ya jiko. Ukuta mmoja ni wa choo cha nje. Mitungi miwili ya gesi imesimama pale kitanda kinapotakiwa kukaa. Bhabhi akasema itaondolewa. Akasema nitapapenda, ni karibu na jiko, na watoto wanapenda sana mkono wangu. Halafu, wakati ananifungulia geti, akasema yule dada wa kazi anaondoka Oktoba.

Ahaa!

Basi ndiyo maana. Kwa sheria zao wenyewe hakuna mungu anayeweza kuwekwa chumba kile. Ila mimi naweza. Nimekaa kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Iringa na hasira za kuweza kuisukuma gari yenyewe. Sikula hata mahindi ya Makambako.

Alhamisi, 21 Agosti

Ganesh amekamilika! Joachim amemleta mwenyewe kwa bajaji, kamviringisha blanketi la mtoto wake. Ananifika kiunoni. Uso wake sijui fundi aliutoa wapi. Ni mpole, na ni mkaidi. Nikajikuta nalia.

Halafu nikaona mkonga. Umegeukia kulia!

Wa Ba uligeukia kushoto. Ganesh wa nyumbani ni wa kushoto, mpole, ukichelewa anakusamehe. Huyu wa kulia ni mkali. Ukimkaribisha ndani ni ibada kila siku, kwa saa yake, hakuna udhuru, na hasogezwi ovyo. Wengi huogopa kumweka nyumbani kabisa. Nikamrukia Joachim pale pale kwenye baraza. Hakubishana. Akatoa simu, akanionyesha ile picha. Kulia! Kumbe nilijipiga kwa kamera ya mbele, simu ikageuza kila kitu kama kioo. Hata kipini changu cha puani kipo upande usio wake. Nikamwomba radhi fundi wa watu.

— Sasa dada, nikiukata huu mkonga, unabaki na mtu mnene tu.

Ni kweli. Nimemlipa, nimempa na chevda ya wanawe.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemtumia Bhabhi picha. Simu sijaiweka chini, amepiga. Karibu alie. Huyo asikanyage kwake! Watoto wanakula mayai kwa kificho, na mayai kwetu ni mwiko, Jumapili wanaamka saa nne, nani atamhudumia? Nimrudishe kwa fundi. Nimpeleke hekaluni. Nimpe mtu. Popote, mradi si Mbeya.

Nikamwambia nimekuelewa Bhabhi.

Mchana kutwa nimempita Ganesh hapo koridoni na blanketi lake begani. Katika kupita mara ya sita hivi nimepata wazo. Baya. Zuri!

Jumatano, 27 Agosti

Leo ni siku yake, Ganesh Chaturthi. Nimemweka! Chumba cha Ba, kona ya kaskazini-mashariki, chumba kizuri kuliko vyote. Nimepiga deki, nimewasha taa ya samli, nazi, maua mekundu kutoka uani kwa Noorjahan, na vile vitamu vya mviringo, ladu, ishirini na moja. Nimesoma mwenyewe kwenye kitabu cha Ba, bila pandit, kuhani wetu. 

Haya sasa. Mungu mkali ameshakaribishwa. Anahitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Mtu ni mimi, na chumba ni hiki. Waiuze nyumba yeye akiwa ndani tuone! Na sheria sikuitunga mimi, ni za Bhabhi.

Noorjahan alikaa barazani na chai mpaka nikamaliza. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza, wakati huo kila mtu alidhani sisi ni ndugu. Nikamweleza mpango wote huku nacheka. Yeye hakucheka.

— Kwa hiyo umemtuma mungu wako akakusemee?

— Yeye anasikilizwa.

— Na wewe uliwahi kusema lini usisikilizwe?

Nimemnyima ladu ya pili. Ameondoka akiniaga vizuri tu, ndiyo kilichoniudhi zaidi.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimetuma picha kwenye grupu la familia. Taa, maua, mkonga na kila kitu. Tiki za bluu zote. Saa kumi jioni Girish akaandika: Nakuja Jumapili.

Nilikuwa naandika jibu refu. Nimelifuta. Nimeandika karibu.

Jumapili, 31 Agosti

Nipo chumba cha Ba, sakafuni, mlango wazi. Girish yupo sebuleni. Naandika harakaharaka.

Amefika saa saba mchana na bahasha. Karatasi za kuuza nyumba. Ba aliiandika kwa majina yetu wawili, bila sahihi yangu haiuziki. Akala kwanza — wali, dal, achari ya maembe, akaongeza mara mbili. Kisha akaja hapa mlangoni, akavua viatu, akaingia, akainamisha kichwa mbele ya Ganesh. Nikasema moyoni nimeshinda!

Akageuka. Kwa upole kabisa akasema ameshamuuliza pandit wa Dar. Kuna utaratibu. Pandit anakuja, anasoma, anamwomba mungu ruhusa, wanambeba mpaka hekaluni. Ndani ya saa mbili kazi imekwisha. Nisiwe na wasiwasi.

Nikabaki na kiberiti mkononi. Mpango wangu wote — saa mbili!

Nikasubiri machozi. Hayakuja. Nikaweka kiberiti chini.

— Bhai, na mimi? Mimi mliniomba ruhusa kwa utaratibu gani?

Akasema nisianze. Akasema ile ya Mbeya ni nyumba yangu pia. Nikamuuliza, basi chumba changu umekichagulia sanamu gani? Hakujua anachoulizwa. Nikamfungulia orodha kwenye simu, nikaweka kidole pale, akasoma. Nikamweleza mitungi ya gesi. Nikamweleza choo cha nje. Nikamuuliza kama alijua dada wa kazi anaondoka Oktoba. Alitazama sakafu ya Ba, nami nikajua alijua.

Nikasema. Mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sauti mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka:

— Mimi sihami. Sisaini. Ganesh mchukue kama pandit amesema anachukulika, nitamlilia. Mimi sichukuliki.

Maisha yangu yote sijawahi kumpa kaka yangu "hapana" iliyonyooka. Hata Ba sikuwahi. Mwandiko huu wa kuku si wangu! Lakini nimesema. Sijui kesho atakuja na nani, mawakili au wajomba, na waje. Nitawapikia, wale, nitawaambia hivi hivi.

Alivaa viatu, akatoka mpaka getini, akasimama, akarudi. Bahasha ipo mezani, hajaifungua. Sasa anampigia Bhabhi. Namsikia vizuri, ukuta wenyewe mwembamba. Anaongea taratibu, kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa.

Amesema hakuna sahihi.

Bhabhi anauliza kitu, namsikia kwa mbali, haraka haraka.

Amesema hapana, Ganesh atahamishwa na pandit, huyo si tatizo.

Bhabhi anauliza tena.

Amesema tena: siyo sanamu. Ni Rupal. Rupal ndiye hataki.