Namba ya Gia na Masikio ya Baba

Dodoma,
Jumapili, baada ya Laasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake pia, najua yuko hapo jikoni anauliza ni nani kaandika. Mimi mzima. Kifua kimepoa tangu nihamie chumba chenye dirisha, na vumbi la huku tumeshazoeana. Wasiwasi wangu uko kwenu. Baridi ya Magamba inawatendeaje mwezi huu? Goti la Mama linamruhusu kushuka bondeni kwenye karoti, au anashuka kwa ukaidi tu? Yule ng'ombe mwekundu kazaa salama? Zubeda huwa ananiandikia kwenye simu, lakini unamjua mwanao, maneno matatu kisha anapotea siku nne.

Usishangae kuletewa barua wakati simu zipo. Nimemkabidhi utingo wa basi la Lushoto, na nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, hata Zubeda. Macho yako bado makali kuliko yangu.

Ujumbe uliomtuma Zubeda nimeupata. Unataka nikutafutie kile kidude cha kuonyesha namba ya gia, kama alichofunga mtoto wa mwalimu, kinachowaka moja, mbili, tatu pale karibu na spidi mita. Nilicheka kwanza, sikufichi. Nikasema, Tate, baba yangu huyu huyu? Si wewe uliyekuwa unanipakia mbele yako kwenye tangi, unanifunika macho kwa kofia yako, halafu unaniuliza, "Hii gia ya ngapi?" Nikikosea unageuza, tunarudi tena mpaka kwenye mikalitusi. Ulikuwa unaniambia injini inasema, wewe tu ndiye husikilizi. Sasa mtu aliyenifundisha hivyo anataka taa imwambie yuko gia gani? Hapo kicheko kikaniisha, nikampigia Zubeda.

Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Kaniambia kuwa siku hizi unapanda kutoka sokoni Lushoto mpaka nyumbani na gia ya pili, injini inalia mpaka watu wanaacha majembe kutazama, na wewe juu yake umetulia tuli kama mtu aliyekaa barazani. Kaniambia na ile siku ulipokuwa unashuka na viroba viwili vya kabichi. Ulikanyaga kupunguza gia, ikapitiliza ikaingia nyutro, pikipiki ikachukua mteremko peke yake na wewe hukujua mpaka kona ya pili. Ulifika breki zinanuka moshi ukamwambia Mama eti umeuziwa breki feki. Mama hakuamini, ila alinyamaza kukusitiri.

Baba, masikio yako yamepungua. Nalisema kwa adabu zote, lakini nalisema. Ukijibu kombo kwenye simu tulikuwa tunalaumu mtandao wa mlimani, na mtandao masikini haukuwa na kosa.

Sasa nikujibu kifundi. Hapa gereji vidude hivyo tunafunga kila wiki, na wengi wanaofungiwa hawavihitaji. Ni vijana wanaotaka pikipiki iwake rangi kama duka la simu. Mwenye masikio na mguu mzima hana haja ya kuambiwa yuko gia ya tatu, anajua tangu tumboni. Halafu vya bei ya chini vina uongo. Kuna aina inayokisia gia kwa kulinganisha mwendo na mzunguko wa injini, basi ukishika klachi tu inachanganyikiwa, inakuonyesha namba iliyopita au haikuonyeshi kitu. Juani hukioni vizuri mpaka ukizibe kwa kiganja. Afadhali aina inayounganishwa na swichi ndani ya injini kabisa, hiyo haikisii. Pikipiki yako ya zamani ile ina swichi ya nyutro peke yake, na taa yake ya kijani iliungua nikiwa bado nyumbani. Kwa hiyo kuna kazi ya kubadilisha swichi nzima, si kubandika tu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekujibu kama mteja. Lakini wewe si mteja, ndiyo maana nikakinunua kimoja kizuri nikakifunga kwenye pikipiki yangu. Kisha nikajaza pamba masikioni, nikafunga kitambaa juu yake, nikavaa helmeti. Nilitaka nijue unapita wapi, Baba. Fundi mwenzangu Sajilo, Mgogo mmoja mwenye maneno mengi, aliniambia nimerogwa na hewa ya milimani kwetu, lakini alikubali kunifuata nyuma na pikipiki yake ili nisije nikafa bure.

Tulishika barabara ya Kondoa. Mwanzoni niliogopa kweli. Injini niliihisi kwenye magoti tu, na nilijikuta nimeng'ang'ania gia moja kwa sababu sikuiamini nyingine, kama Zubeda alivyonieleza juu yako. Nikaanza kutazama kile kidude. Tatu. Nne. Nikapunguza, tatu, mbili. Nakuambia kweli, moyo ulitulia. Nikajisemea kumbe Mzee ana haki, kwa mtu asiyesikia hiki kitu si pambo, ni fimbo ya kushikia njia. Nikarudi gereji nimefurahi, natoa pamba, nataka nimweleze Sajilo habari njema.

Nikamkuta amekasirika. "Namba uliiona?" akaniuliza. Nikamjibu niliiona yote. Akasema, "Mimi nimekupigia honi kutoka darajani mpaka hapa, kidole kimechoka. Na lile lori la mchanga limepiga la kwake, likakupita limeacha nafasi ya kuku kupita. Ulikuwa umeinama unasoma namba."

Sikuliona lile lori mpaka lilipokuwa mbele yangu, Baba. Nilidhani limetokea njia ya pembeni. Na hii ni Dodoma, barabara imenyooka na pana. Nikafikiria kona za kwetu, ukungu umeshuka, gari la mbao linakuja nyuma yako linapiga honi likijua kila mtu anasikia.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Kidude kinafaa, na utakipata. Ila sikitumi kwa basi, nakileta mwenyewe baada ya wiki mbili, nimeshaomba ruhusa. Nitakifunga pale uani, nitaweka na taa mpya ya kijani na vioo viwili vikubwa, maana hivyo vyako kimoja kimevunjika na kingine unanyolea ndevu. Kabla ya hayo yote tutakwenda hospitali wakakutazame masikio. Pengine ni uchafu umeziba tu, wakusafishe yaishe. Na kama si hivyo, tutajua ni nini, hatutabaki kukisia. Mpaka nifike nakusihi usiteremke kwenda Soni wala Mombo na pikipiki. Njia ya Kifungilo kupeleka karoti mwambie Zubeda akuendeshe. Najua utasema mwanamke gani anampakia baba yake. Huyo huyo uliyemfundisha wewe, kwa kofia ile ile.

Mimi nikija nitaendesha, wewe utakaa nyuma. Gia nikiikosea nipige kofi la mgongo kama zamani.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya goti nakuja nayo. Nisalimie shangazi wa Soni, na mjomba fundi cherehani pale sokoni, mwambie ile suruali bado naivaa. Nisalimie jirani yetu mwalimu, na mwanawe mwenye kidude umwambie asikitegemee sana. Muadhini wetu mpe salamu za pekee, na umwombe anikumbuke kwenye dua.

Nilitaka nifunge barua hapa, nimeshindwa. Kuna jambo lililonifanya nishike kalamu, na nimelizunguka kurasa mbili nzima.

Unakumbuka ule ugomvi wetu kijiweni Lushoto kabla sijaondoka. Sisi vijana wa bodaboda tulikuwa na ujanja wetu, ukifika penye mteremko unazima injini, unaweka nyutro, unateleza na abiria wako mpaka Mombo, mafuta yanabaki kwenye tangi. Uliniona nikipita kimya kimya na mama mjamzito nyuma. Ulikuja kijiweni ukachomoa ufunguo wangu mbele ya wenzangu, ukasema mlima huu hauteremkwi bila gia. Nami nikakujibu mbele yao kwamba umezeeka, pikipiki huzijui, rudi kwenye jembe lako. Uliniwekea ufunguo mkononi ukaondoka. Mimi nikapanda basi juma lile lile bila kukuaga.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya mfungo, nilikupigia. Nilijifungia stoo ili wenzangu wasinione. Nilikwambia yote. Nilisema nimefunga breki za watu wengi waliopoteza ndugu kwa ujanja ule ule, nikasema ulikuwa na haki, nimekukosea mbele za watu, nikakuomba radhi. Nililia, Baba, mtu mzima mimi. Nilipomaliza ukasema, "Haya, wasalimie wote huko," ukakata simu.

Nilifunga mwezi mzima nikijua umeninyima. Idi sikupiga, nikamtumia Mama salamu tu. Kila nikipata homa nasema ni radhi. Kazi ikiharibika nasema ni radhi. Mpaka juzi nilipokuwa nimesimama pale gereji na pamba mkononi, Sajilo anafoka mbele yangu, ndipo ikanijia kwamba siku ile hukusikia neno hata moja.

Basi naliandika, Baba, hapa hapa na kwa herufi kubwa kama zilizotangulia. Nimekukosea. Naomba radhi zako. Ukinipa, niandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja, umpe utingo huyo huyo. Na usiponipa niandikie vilevile, ili safari hii nijue ni wewe uliyekataa.

Mwanao,
Hemedi