Hesabu Niliyokupigia Kwenye Boksi

Duka la Tairi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo yako iko njiani. U mzima? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kunyanyua wagonjwa umetulia? Huku hatujambo. Bibi yako bado anapanda ngazi za baraza bila kushikwa mkono, na ukimshika anagomba. Mimi ndio nazidi kupendeza, ila tumbo siku hizi linatangulia kuingia mlangoni.

Mwandiko usiucheke. Mwezi jana rimu ya lori iliruka ikanibana kidole. Mimi, niliyefungua tairi za matrela tangu hujazaliwa, niliyelala bandari tatu na kuwapiga chenga askari wa mipaka miwili, nikapelekwa hospitali nimeshika kidole kama mtoto aliyeumwa na nyuki.

Basi pale chumba cha dharura wauguzi wawili wanabishana nani anishone, mara akaingia msimamizi wao, wote wakampisha. Kumbe ni Kicheko, yule mwenzako wa bweni aliyekuwa anakuja kwetu kula na kuondoka na kopo la chakula cha kesho. Akaniangalia akasema, "Mjomba Tairi, leo gari limekupanda wewe?" Akachukua uzi akanishona mwenyewe.

Akauliza umefika wapi kimasomo. Nikamwambia uko palepale, na diploma yako na zamu zako za usiku. Mkono wake ukasimama. "Haiwezekani," akasema. "Mjomba, mimi nilikuwa nakopi kwake." Mpwa wangu, nilitamani ile ganzi ya kidole ipande mpaka kifuani.

Unajua mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza mshahara. Hakunificha. Yeye digrii aliiunganisha mara tu baada ya diploma. Mwaka wa kwanza baada yake, nyongeza ilikuwa ya kununulia viatu tu, tena mkopo wa chuo ukawa unaimega. Mwaka wa tatu akapanda daraja. Wa tano wakampa usimamizi, na leo analipwa karibu mara mbili yako, na usiku analala kwake. Ila akanionya nisikupambie, maana wako wenzake wenye digrii hiyohiyo wanaosubiri kupandishwa hadi leo.

Nikarudi dukani, nikakaa juu ya ile tairi uliyokalia wewe miaka sita iliyopita, na barua ya chuo mkononi. Uliniuliza, "Mjomba, nikikaa miaka mitatu bila mshahara, itarudi kweli?" Nikachana mfuniko wa boksi la viraka, nikakupigia hesabu kwa madaha, mimi wa darasa la sita, darasa nililoliacha likiwa bado linanihitaji.

Kosa langu ni hili: nilikupimia digrii kama tairi. Tairi hata ikiwa mpya, kila safari meno yanapungua. Basi nikachukua nyongeza ya mwaka wa kwanza, nikawa naikata kidogo kila mwaka mpaka ikawa kipara, nikakwambia hailipi. Haikunijia kichwani kwamba duniani kuna kitu ambacho meno yake yanaota. Nawe uliyekuwa wa kwanza darasani, uliliona kosa, nina hakika. Ulinyamaza kwa sababu Mjomba kasema.

Hilo ni kosa la ujinga, na ujinga nina leseni yake. Lakini kuna mstari mmoja, chini kabisa kwenye lile boksi, nilioufunika kwa kidole gumba sikukusomea. Niliandika dawa za Bibi. Wewe ndiye uliyekuwa unazilipia, na ungeenda shule zingeniangukia mimi. Mimi niliyekuwa natamba kwenu kuwa nina maduka matatu, wakati ni hili moja, tena la kupanga. Niliona aibu kusema sina. Nikaona bora wewe ukose shule kuliko mimi nikose sifa.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu huyu mjukuu amehamia kabisa, na godoro lake.

Jumatano nilimweleza Bibi yako yote. Nilidhani atanitukana, nami nilishajiandaa kwa matusi. Akauliza tu, "Kwa hiyo ni vidonge vyangu vilivyomnyima shule?" Akaacha chakula. Siku mbili hakusema nami, na vidonge akavikataa hadi mama yako alipombembeleza. Bora angenipiga na mwiko.

Sasa sikiliza. Kicheko anasema fomu za chuo zinafungwa mwisho wa mwezi ujao, na kwa miaka yako kazini mwajiri hawezi kukukatalia ruhusa. Dawa za Bibi nimeanza kulipa mimi tangu mwezi huu. Ile pikipiki nyekundu niliyokuwa napita nayo watu wakigeuka, sasa anapita nayo fundi seremala. Natembea kwa miguu, na tumbo linalalamika lakini linapungua. Hela usitume, nitairudisha.

Sikwambii nenda. Safari hii sikupigii hesabu wala sikushauri, maana ushauri wangu ulishakula miaka yako sita. Ndani ya bahasha nimekuwekea lile boksi, yaani ule mfuniko nilioandikia. Nililikuta nyuma ya kabati, panya wamelionea huruma wakala pembe moja tu. Mstari wa chini safari hii haujafunikwa. Geuza upande wa pili, uko mweupe, upige hesabu yako mwenyewe.

Mama yako anakusalimu, mdogo wako pia, na Kicheko anasema anakudai kicheko. Bibi yako kaniamuru niandike hivi hivi: anameza vidonge vyote, asubuhi na jioni, usimfanye yeye sababu ya kubaki.

Mungu akulinde zamuni, na mikono yako ibaki myepesi kwa wagonjwa.

Ni mimi nikupendaye, hata pale nilipokupunja,

Mjomba Tairi
(wa duka moja)