Kushindwa Bila Kiima

Otsu, kando ya Ziwa Biwa
18 Novemba 2019

Mpendwa mwanangu Mihoko,

Nakusalimu kwa upendo. Hujambo? Mumeo Renato na mjukuu wetu Tomoe hawajambo? Huko Curitiba najua joto linaanza. Sisi huku tumeshawasha meza ya kupasha miguu. Magoti yangu yanalalamika, lakini siyasikilizi. Barua yako niliipata. Ulikosea alama ya mkato mara mbili. Hata hivyo nilifurahi.

Uliuliza kwa nini baba yako hapokei simu. Nitakujibu wazi. Tangu mama yako Kinue atutoke mwezi wa sita, baba yako, huyu mdogo wangu Seigo, alikuwa hasemi na mtu. Hata wali aliula akiwa amesimama. Mahali pekee alipobakiza maneno ni kundi letu la mtandaoni, tunakocheza ile sataranji kubwa ya kale, ya miraba kumi na miwili kwa kumi na miwili.

Mchezo wake na Kuwabara, kinyozi wa Himeji, ulianza majira ya kuchipua, kila mmoja akisogeza kete moja kwa siku. Mama yako aliufuata akiwa kitandani. Unaikumbuka kete ya tembo mlevi, isiyojua kurudi nyuma moja kwa moja? "Msukume huyo mlevi wako," alikuwa akimwambia baba yako, "akikaa nyumbani atatumalizia pombe." Akamsukuma hadi upande wa adui, na huko, kama kanuni zisemavyo, tembo akageuka kuwa mwana wa mfalme. Tangu hapo, hata mfalme akiuawa, mwana huendelea na vita.

Baada ya msiba baba yako alicheza kwa mazoea tu, na hilo akalisahau. Mwezi uliopita simba wa Kuwabara alimla mfalme wake. Baba yako akaandika neno moja, "Kumeshindwa," akazima kompyuta, akaniambia nimpe jirani. Nilijua kwamba kompyuta ile ikitoka, hatasema tena na mtu.

Kundini palizuka zogo. Kuwabara, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko wembe wake, alikuwa wa kwanza: "Mzee Seigo, rudi bwana! Mwanao yuko pembeni kule ananikodolea macho. Mimi sitaki ushindi wa kuokota!" Wengine walishikilia desturi: aliyetamka kushindwa ameshindwa, na neno likitoka halirudi. Mwishowe waliniachia mimi, maana huniita Mwalimu.

Niliamua kwa sarufi, si kwa huruma. Niliandika kwamba "kumeshindwa" ni kitenzi ambacho kiima chake hakikutajwa. Huenda aliyeshindwa ni mfalme, na hilo ni kweli. Mchezaji mwenyewe hajasema lolote. Mchezo uendelee.

"Mwalimu kasema!" akaandika Kuwabara. "Mwamsheni mlevi!"

Nikaenda kwa baba yako, nikamsomea uamuzi huo mlangoni.

"Dada, wewe hata matangani unasahihisha insha?"

"Insha mbaya husahihishwa popote. Kaa chini."

Akacheka, mwanangu. Kisha akawasha kompyuta, akaitafuta kete ile, akaigusa kwa kidole. "Huyu ni wa Kinue," akasema. Akalia. Mimi nikachemsha chai. Alipomaliza, alisogeza.

Mwana wa mfalme alikimbizwa ubao mzima, na jana akakamatwa. Nakiri niliogopa kufungua kompyuta. Nilipofungua, baba yako alikuwa ameandika: "Mimi, Seigo, nimeshindwa. Kuwabara, panga kete, tuanze tena." Niliikagua sentensi hiyo mara mbili. Haina kosa.

Mpigie Jumapili, kukiwa asubuhi kwetu, sasa atapokea. Usimwulize hali ya moyo wake. Mwulize tembo wake amefika wapi.

Nisalimie Renato, na mama mkwe wako Bibi Ivete. Tomoe mbusu kwa niaba yangu, na aendelee kuandika herufi zetu kila siku. Jirani Bibi Nishiwaki anakusalimu pia, ingawa kompyuta hakuipata. Waliotangulia, na mama yako miongoni mwao, wailinde nyumba yako.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokusahihisha,

Hisae