Nilimkana Mwanafunzi Wangu Mbele ya Nabii

Mpendwa Bi. Zainabu, naomba unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Guangzhou. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nilikuja huku kusoma nikabaki, na kila Jumamosi nafundisha watoto tisa wa wafanyabiashara, Wakongo na Watanzania, wanaosomea cheti cha sekondari cha Kimarekani kwa mtandao. Chumba tunachotumia ni cha kikundi cha maombi cha Nabii Stéphane, na hata barua ya viza yangu yeye ndiye aliyenitafutia, kwa hiyo uelewe mapema kwamba ugali wangu uko mkononi mwake.

Wiki tatu zilizopita Nabii alitangaza kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huu Bwana anakuja kuchukua walio wake, na kwamba anayeendelea kutegemea dawa anaonyesha hayuko tayari. Watu wakaanza kuacha mizigo yao bandarini Huangpu bila kuifuatilia, na mimi nikaitikia amina pamoja nao ingawa moyoni sikuamini hata kidogo. Sasa Jumamosi iliyopita somo likatufikisha kwenye uamsho wa dini Marekani, nikawaeleza watoto jinsi watu wa Kentucky walivyokusanyika porini siku nyingi wakilia na kuanguka chini, na jinsi wengine walivyotoka humo wakaenda kupinga utumwa, kisha nikafika kwa mkulima mmoja wa New York aliyepiga hesabu kutoka kwenye Biblia mpaka wafuasi wake wakapata tarehe, ishirini na mbili Oktoba 1844, na wapo walioacha viazi vyao shambani bila kuvivuna kwa sababu waliona hawatavihitaji. Muda wa kipindi ukaisha wale watu wakiwa bado wanangoja. Nikawaambia watoto kwamba yaliyotokea asubuhi iliyofuata tutayasoma wiki ijayo.

Ariane ana miaka kumi na tano. Mama yake, Jeanne, ni mjane anayenunua mikoba ya jumla soko la Shiling, na ana kisukari cha kuchoma sindano kila siku. Kesho yake kwenye ibada mtoto akasimama, kwa adabu kabisa, akasema, "Nabii, excusez-moi. Mwalimu alisema Amerika walingoja hivi hivi. Kama ile siku ikipita, asubuhi yake sisi tutafanya nini?"

Nabii akanigeukia mimi. "Mwalimu, ni wewe ulimfundisha huyu mtoto mambo haya?"

Nikasema hapana. Nilisema upesi, kama muuza viatu wa soko la Zhanxi anavyokwambia "meiyou", hana, kabla hata hajaangalia stoo. Nikaongeza kwamba labda ameyaokota kwenye simu. Wale watoto wengine wanane walikuwepo, wakaniangalia, hakuna aliyefungua mdomo. Ariane akapigishwa magoti aombe radhi kwa uongo, na ikaamriwa mtu yeyote asizungumze naye mpaka siku ya Bwana, hata mama yake. Nabii akasema mashaka ya mtoto ni doa la nyumba. Jeanne, kulifuta doa hilo, tangu Jumatatu ameacha sindano.

Leo Jumatano Ariane ameniandikia: "Mwalimu, maman ameacha piqûre, leo ni siku ya tatu, anatapika. Mimi hanisikilizi, wanasema ni menteuse, mwongo. Uwaambie ni wewe ulitufundisha." Sijamjibu. Naona aibu na naogopa. Bi. Zainabu, nimwombeje mtoto huyu msamaha bila kupoteza kila kitu?

Jovitus, Guangzhou

*

Jovitus, majina nimeyabadilisha, lako pia. Jibu hili nilikutumia kwenye simu saa ile ile niliposoma barua yako, maana mgonjwa hasubiri gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine.

Mficha uchi hazai, na kwa kuandika umefanya vyema. Sifa zako zinaishia hapo. Mtu anatapika siku ya tatu bila insulini, wewe unaniuliza namna ya kuomba msamaha. Msamaha wako utangoja foleni.

Nilifanya biashara Guangzhou miaka sita, najua upweke wa huko na najua mtu aliyekutafutia karatasi anavyoweza kukukalia kooni. Nakuonea huruma. Lakini uliogopa kupoteza chumba, ukamlipisha mtoto, na mtoto ameshindwa, sasa analipa mama yake. Mimi ni Mwislamu, ibada yenu siiingilii. Ila Bwana mnayemngoja sidhani kama atamkataa mjane kwa sababu alichoma sindano.

Basi sikiliza. Nenda kwa Jeanne leo, si Jumapili. Nenda na mwanamke anayemheshimu ambaye hayumo kwenye kikundi hicho. Ukimkuta anahema haraka, au amelegea, au pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, piga 120, gari la wagonjwa lije papo hapo, usiombe ruhusa ya mtu, wala ya Nabii. Hata ukimkuta anaongea vizuri, mpeleke hospitali. Usijaribu kumdunga mwenyewe baada ya siku tatu, hiyo ni kazi ya daktari. Wewe unajua Kichina, Ariane amesema na watu wazima kwa lugha zote anazojua na hawakumsikia.

Mkiwa ndani ya gari, mwambie mama mbele ya bintiye: nilimfundisha mimi, na niliposema hapana nilidanganya. Baadaye ukayarudie maneno hayo mbele ya kikundi, na wale watoto wanane wawepo. Chumba utafukuzwa. Viza utahangaika. Utakuwa bado una miguu.

Ujumbe wangu wa simu uliishia hapo, na uliusoma, alama za buluu niliziona. Nimepiga mara nne na hupokei, na leo ni Ijumaa.

Kipindi chako hukukimaliza, Jovitus, kwa hiyo nimekwenda kukisoma mwenyewe. Ile asubuhi kulikucha kama siku nyingine. Watu walilia, wakachekwa na majirani, na waliokuwa na viazi ardhini wakarudi kuvichimba.

Viazi viliweza kungoja. Jeanne hawezi. Vaa viatu.